Shahidi wa Dirishani

Shoka lilishuka, paja la ng'ombe likapasuka vipande viwili, na mwenye bucha akacheka peke yake. Mkewe, aliyekuwa akisugua mabeseni kwenye karo, akashtuka. Miaka kumi na moja ya ndoa na bado hakuwa amelizoea shoka lile.

"Unacheka nini?"

"Podikasti." Mumewe aligusa waya wa hedifoni uliotoka sikioni ukaishia kwenye kiredio cha mfukoni, kile cha kuchomeka kadi ya memori. "Sehemu ya sita. Leo wamemleta shahidi."

Mke aliitupia jicho saa ya ukutani. Saa nane na nusu. Asubuhi alikuwa amepokea ujumbe wa mtangazaji wa podikasti hiyohiyo, akausoma chooni na kuufuta palepale: Wapelelezi wanakuja saa tisa kamili. Usiondoke, mumeo asije akashtuka.

Mwaka mzima alikuwa ameishi na siri ile. Alikuwa amesimama hapohapo, chakula cha mumewe mkononi, siku mumewe alipompiga shoka la bega mbia wao waliyemwita Kipara, kwa sababu tu alitaka kujitoa akafungue bucha lake. Kipara aliangukia gogo la kukatia nyama, akaomba maji, akapigwa la pili. Mke alipofungua mdomo, mumewe alimbania vidole viwili kwenye mlango wa friji, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka akasikia vinavunjika. Kisha akamwambia zamu ijayo ni ya shingo.

Majirani waliambiwa Kipara kasafiri. Polisi wakaamini, au wakajifanya kuamini. Mtangazaji peke yake ndiye aliyeng'ang'ania kuuliza, sehemu baada ya sehemu, na mwishowe mke akamwendea. Walipanga mambo yao vizuri. Shahidi angesema yeye ni mpita njia aliyechungulia dirisha la nyuma, na sauti yake ingepunguzwa kasi mpaka iwe nzito, sauti ya mzee mvuta sigara. Mke aliisikiliza kwenye simu yake mara nne. Hata dada yake wa tumbo moja aliuliza, "Huyu baba alikuwa wapi siku zote?" Moyo ukamtulia.

"Huyo shahidi nimeshamjua," mumewe alisema.

"Nani?"

"Mtu wangu wa karibu. Anajiona mjanja." Alipitisha kisu kwenye chuma cha kunolea, mara mbili, mara tatu. "Leo ndiyo leo."

Kabla mke hajajibu, aliingia fundi viatu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza na sigara nyuma ya sikio. Kibanda chake kilitazamana na lile dirisha la nyuma. Mungu wangu, mke aliwaza, nimemuua mzee wa watu.

"Jamaa bado unamsikiliza yule katuni wako?" fundi viatu alisema, akamgeukia mke. "Shemeji, juzi kaniazima hicho kidude. Mtangazaji analia utafikiri kameza filimbi."

"Nabonyeza iende mbio," mwenye bucha alisema. "Wao wanavuta maneno, mimi nina nyama inanuka." Akaashiria mlango wa chumba cha nyuma kwa ncha ya kisu. "Pita huku, mzee. Kuna mifupa nimemwekea mbwa wako."

Fundi viatu akaanza kuizunguka meza. Mke hakufikiri mara mbili.

"Mzee, kuna mtu nimemwona kibandani kwako anapekua viatu vya wateja," alidanganya. "Wahi, utakuta kibanda kitupu."

Mzee akageuka na kutoka mbio, ndala zikimpigapiga visiginoni. Mke alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Saa nane na dakika arobaini. Alifurahi, tena alifurahi hasa, maana hakuwa na mengi ya kufurahia katika nyumba ile. Zimebaki dakika ishirini na mzee wa watu yu hai.

Alipogeukia karo, nyuma yake shata la chuma la mlangoni lilishuka kwa kishindo, bucha likawa nusu giza.

"Umefanya vizuri kumwondoa," mumewe alisema. "Mimi nilitaka achukue mifupa yake aende zake."

Alimjia polepole, kisu mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alichomoa hedifoni sikioni mwake na kumvalisha mkewe, kwa upole aliokuwa nao zama za uchumba.

"Sikiliza. Huyu hapa."

Kwanza alimsikia mtangazaji, sauti nyembamba, mbiombio, kama mtoto anayefukuzwa. Kisha akaja shahidi. Hakuwa mzee, wala hakuwa na haraka. Alikuwa mwanamke, akiongea taratibu, kwa sauti ileile iliyokuwa imemuuliza mwenye bucha asubuhi ile kama atakunywa chai.