Daftari la Mwalimu Klaudia

Mwenyekiti Ndyamukama alilia msibani kuliko watoto wa marehemu, na hapo ndipo watu walipoanza kutazamana.

Kulia si kosa. Mwalimu Klaudia alistahili machozi. Mwanawe Protase alipozaliwa hasikii, majirani walimwambia amfundishe kuchunga mbuzi, yatosha. Akawajibu kwamba mbuzi wachungwe na waliotoa ushauri, akaenda Tabora kujifunza namna ya kufundisha watoto wa aina hiyo. Aliporudi kijijini, kule juu ya Kamachumu, alifungua darasa kwenye stoo kuukuu ya kahawa. Akawakusanya viziwi, vipofu, na wale waliorudishwa nyumbani na shule kwa kuwa na vichwa vizito. Alikuwa na mdomo mchafu na subira isiyoisha. Mwaka huo wa msiba, 1976, Protase alikuwa seremala, na jeneza la mama yake alilitengeneza yeye.

Lakini Mwenyekiti wa kijiji alilia mpaka makamasi yakaingia kwenye masharubu, na mkewe Ephrasia amekaa hatua tano tu kutoka hapo, anamtazama.

Maana kijiji kizima kilijua. Kwa miaka miwili, kila Alhamisi jioni, Ndyamukama alipita nyuma ya migomba kwenda kwa mjane Klaudia, akazungukia upande wa chooni asionekane. Alionekana. Kijijini kwetu mtu anaweza kujificha akiwa bado tumboni tu. Alikaa humo saa nzima, dirisha limefungwa, akatoka anafuta jasho.

Siku ya nne, wakati wa kuanua matanga, wanawake walikaa sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa, kugawana nguo za marehemu. Celina, binti yake mkubwa, akafungua sanduku. Chini ya vitenge palikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba ya mgomba, na juu ya jalada limeandikwa jina moja: Ndyamukama.

Celina alilifunika haraka. Alichelewa. Ephrasia, aliyepata cheti cha kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, alikuwa amekwisha kulisoma jina.

"Lete barua za mume wangu," alisema.

"Tafadhali, Ma Ephrasia. Huyu ni mama yangu. Mwache apumzike."

"Atapumzika. Mimi ndiye sijapumzika miaka miwili."

Maneno yakawafikia wanaume uani, walikokaa na rubisi yao ya ndizi. Ndyamukama aliingia mbio, kofia kichwani ndani ya nyumba ya msiba. Alipoliona daftari, alishika ukuta.

Na huyu hakuwa mtu wa kushika kuta. Huyu alisimama mbele ya mkuu wa wilaya akataja hesabu zote za kahawa kutoka kichwani, bila kugusa karatasi. Alipitisha amri kwamba asiyehudhuria kisomo hapati sukari dukani, akamnyima hata mama yake mzazi. Uenyekiti aliupenda kuliko senene wa kukaanga, na uchaguzi ulikuwa mwezi ujao.

"Nipe hilo, Celina. Ni mali ya Chama."

"Tangu lini Chama kinatunzwa kwenye vitenge vya mjane?" Mzee Datius, kaka wa marehemu, aliuliza kutoka mlangoni. "Lisomwe hapa hapa. Kama hamna kitu, jina la dada yangu litakate."

Celina akaanza kufungua kamba. Alikuwa amemzika mama mwema siku nne zilizopita, na hakutaka kumpata mwingine leo.

Fundo la kwanza likaachia. Mwenyekiti alilitazama la pili likilegea, akamtazama mkewe, akautazama umati uliojaa mlangoni.

"Msisome," alisema. "Nakiri. Nilikuwa hawara yake."

Celina alilia kimyakimya, daftari mapajani. Protase hakusikia neno, ila aliuona uso wa dada yake, akajua mama yao amefanyiwa jambo baya.

Wazee walijadiliana palepale. Mbuzi wawili, mitungi minne ya rubisi, na amwombe mkewe radhi kwa magoti. Ndyamukama aliyakubali yote upesi mno, bila hata kupunguziwa mtungi mmoja. Alipiga magoti vizuri. Alipoinuka, wanaume wawili watatu walimpigapiga begani, na mmoja akamnong'oneza kwamba kura yake asiwe na wasiwasi nayo. Rangi ilianza kumrudia usoni.

"Basi yamekwisha," alisema, akanyoosha mkono kuchukua daftari.

Ephrasia alikuwa mwepesi zaidi. Alilinyakua, akaikata kamba kwa meno.

"Mbuzi nimekubali," alisema. "Sasa nataka kujua alikuwa anakuita nani."

Mwenyekiti alimrukia. Datius akamshika mkono. Ephrasia alifungua katikati ya daftari, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi:

"Ba, be, bi, bo, bu. Baba ana bata."

Akafunua ukurasa wa pili, na wa tatu. Kurasa zote zilikuwa hivyo hivyo, herufi kubwakubwa zilizolala ubavu, mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo Mwalimu Klaudia alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Leo afadhali, Mwenyekiti. Na usiogope, siri yako nitakufa nayo."