Mguu wa Kushoto wa Remmy

Sukari kilo tano na kitenge vilikuwa kwenye benchi la nje vikinyeshewa manyunyu, na Bibi Telesia hakuvigusa. Wageni wake waliviona vikilowa. Kwa wazee wa kijiji kile, zawadi ikishavuka kizingiti, ombi limekubaliwa.

Wageni walikuwa wawili, wametoka chuo kimoja cha Makambako. Anderson alikuwa kocha wa timu ya chuo. Filbert alikuwa mwalimu wa michezo, ndiye mwenye koti na bahasha. Walimfuata bibi huyu hadi kijijini kwake, karibu na Uwemba, kwa sababu ya Remmy, mshambuliaji waliyemtaka kabla usajili haujafungwa Jumatatu.

Remmy alikuwa na kesi. Mwaka jana alimpiga msichana aitwaye Jenifer mpaka akamvunja taya. Mahakama ilimpa kifungo cha nje, akakimaliza. Sasa mkuu wa chuo alikuwa amesema hivi: bila saini ya nyumbani, hasajiliwi.

"Yule kijana amebadilika, bibi," Filbert alisema. "Wewe ukiandika kwamba yameisha, nani atabisha?"

"Mmemuuliza Jenifer?"

"Tumeona tuanze na wazee."

"Mmeona muanze na sukari."

Anderson alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Akatoa simu, akamsogezea bibi. "Tazama mwenyewe. Magoli kumi na nane, na hizo ni mechi za mitaani tu. Angalia huo mguu wa kushoto."

Bibi aliinama, akaangalia. Mpira ulipaa, wavu ukatikisika, watu wakavamia uwanja kwa furaha.

"Ndio huohuo," alisema.

"Huohuo upi, bibi?"

"Aliompigia Jenifer akiwa ameshaanguka chini."

Kocha alizima simu.

Msichana mwembamba alitoka jikoni na birika la chai na sahani ya viazi vya kuchemsha. Akawanawisha mikono, akarudi nyuma, akasimama mlangoni. Anderson, akitaka kuchangamsha mazungumzo, alimgeukia. "Dada, karibu tule. Au unaogopa kunenepa?"

Msichana aliziba mdomo kwa kiganja. "Sitafuni vizuri," alisema.

"Huyo ndiye Jenifer," bibi alisema. "Nililala naye Ikonda hospitali wiki tatu. Taya limefungwa waya, namnywesha uji kwa mrija. Mpaka leo, akirudi kijijini, uji wake anakuja kuunywa kwangu."

Filbert alikirudisha kiazi kwenye sahani, tayari kimeng'atwa. "Pole sana, binti. Unajua, mambo ya ujana haya..."

"Mimi niko mwaka wa pili hapo chuoni kwenu," Jenifer alisema. Alisema polepole, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Nasomea ualimu. Mkimleta, mimi ninaacha."

"Hakuna haja ya kuacha. Tutawatenganisha mabweni."

"Kwani kwenu wavulana na wasichana wanalala pamoja?" bibi aliuliza.

Anderson alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Kitendawili," bibi alisema.

Wageni waliangaliana. "Tega," Anderson akasema, akitabasamu kidogo, akidhani mambo yanalainika.

"Nimefuga jogoo. Akiwika, kijiji kizima kinamsifu. Akidonoa vifaranga macho, hakuna aliyeona."

Wakafikiri. Wakashindwa. "Tupe jibu."

"Nipeni mji kwanza."

"Chukua Makambako."

"Makambako vumbi na malori, nitaupeleka wapi mimi? Baki nao. Jibu mnalo humo kwenye bahasha."

Tabasamu la kocha likaisha. Akasogeza kiti mbele, na safari hii alisema kwa moyo. "Bibi, nisikilize. Nimeona vijana wengi. Ukimfungia milango yote, kesho utamkuta anavizia malori usiku. Mpira unaweza kumtengeneza."

"Nani kamfungia? Jembe lipo, shamba lipo. Kulima viazi hakuna fomu." Bibi alitema mate pembeni ya mlango. "Huo mlango wenu mnataka kumfungulia kwa vigelegele. Mwaka mzima hajamtazama huyu mtoto usoni. Alituma ujumbe wa simu, 'Yaishe basi.' Nyie mkasoma magoli. Hata sura ya aliyevunjwa hamkuijua. Mmemwambia anaogopa kunenepa."

Kinyaa kilikuwa kimemjaa. Alisogeza sahani ya viazi mbali nao, taratibu, kama mtu anayewaondolea mbwa chakula cha watoto.

Filbert alisafisha koo. Akaitoa fomu ya Remmy kwenye bahasha, akaikunjua juu ya goti. "Chuo kinahitaji kushinda fainali ya vyuo mwaka huu, bibi. Weka saini hapa chini tuondoke. Kama kuandika ni shida, dole gumba linatosha."

"Nilimaliza darasa la saba kabla hujazaliwa. Lete."

Jenifer alimletea miwani, akasimama nyuma ya kiti chake, akipumua kwa nguvu. Bibi aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akaomba kalamu. Filbert alimpa haraka, akamtupia kocha jicho.

Palipoandikwa "mzazi au mlezi wa mchezaji", Bibi Telesia aliandika jina lake lote. Chini yake akaongeza, kwa herufi kubwa: "Remmy ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Msimchukue."