Waya Ulioelemewa

"Mwenye ataguza hawa mafundi ataanza na mimi!"

Kavetsa, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameikumbatia ngazi iliyoegemezwa kwenye nguzo ya transfoma, na nusu ya mtaa wa Kabiro ilikuwa mbele yake ikimtukana. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wenye kofia ngumu, wakitabasamu kwa woga.

"Wakipima watatukata sisi wote," akafoka Oyoo, jirani yake muuza samaki. "Si unajua vile tumejiunganishia stima hapa?"

Alijua, na ndicho kilichomkera. Nyaya tatu zilitoka kwenye transfoma ile. Mmoja ulibebeshwa mtaa mzima, mbili zikabaki zikipunga upepo. Mashine yake ilikuwa kwenye huo mmoja, na kila jioni watu wakishawasha majiko na pasi, ilikohoa cheche mbili tatu ikanyamaza. Mwaka jana transfoma iliungua kwa sababu hiyo hiyo. Miezi minne mtaa ulikaa gizani, na Kavetsa akawa anafulia watu nguo huko mtaa wa Satellite ili watoto wake wale. Kwenye karai harudi tena, hata iweje. Barua tatu alikuwa ameiandikia kampuni ya stima akitaka waje wapime.

Sasa watu wa kupima walikuwa hapa.

"Usijali, mama, tumezoea kelele," alisema yule mrefu. Alikuwa ameshachomoa fyuzi kwa fimbo yake ndefu, na kinu cha unga kilikuwa kimezimika mahindi ya mtu yakiwa katikati. "Tumezima kwanza ndio tuone ni waya gani umebeba mzigo mwingi."

Kavetsa akaitikia kwa kichwa.

"Pandeni basi. Hakuna mtu atawafikia."

"Msaliti!" mtu alipiga kelele. Kavetsa alimjibu kwa tusi la kwao Vihiga, zito kweli. Wanaume wakapanda. Hata mitungi yao mitupu ya plastiki aliwapandishia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, huku majirani wakimrushia maganda ya miwa. Hakuyakwepa hata mara moja.

Walipokwisha kukaa vizuri kule juu, aliiondoa ngazi, akailaza kwenye tope, akaikalia.

"Oyoo, ita polisi," alisema. "Tangu lini mtu akapima mzigo wa stima akiwa ameizima, tena na mitungi ya kutilia mafuta ya transfoma?"