Chozi Alipofunga na Kobe

Chozi, ndege mdogo anyonyaye maua, alimpenda sana Kobe. Kila kiangazi Kobe alijifukia mchangani, akafunga kula mpaka mvua irudi.

"Safari hii nafunga nawe," Chozi akamwambia. "Siwezi kushiba na wewe una njaa."

"Utaweza, mwenzangu?"

"Wewe mzito unaweza, sembuse mimi mwepesi!"

Basi akafunga, lakini hakutulia. Asubuhi nzima alirukaruka akiwafukuza siafu wasimuume rafiki yake. Adhuhuri akaanguka, mbawa zikimtetemeka.

Kobe akamsikia akianguka, akajifukua, akamlaza mgongoni na kumpeleka polepole, juani, hadi kwenye mshubiri uliochanua.

"Kunywa, ndugu yangu."

"Nimekuaibisha," Chozi akanong'ona.

"Hata kidogo. Mimi nafunga nikiwa nimelala, na mwilini nina akiba. Wewe huna akiba, na kutwa uko hewani. Unachokula asubuhi ndicho kinachokurusha mchana."

Chozi akanywa mpaka macho yakafunguka vizuri. Kisha akasita. "Na wewe je? Nitakulaje peke yangu?"

Kobe akamtazama, akanyoosha shingo, akauma jani la mshubiri.

"Haya," akasema huku akitafuna, "tule wote."