Njia Aliyoichora Korongo

Korongo, aliyejiona fundi wa bustani kuliko wote, alichora njia ya kwenda bwawani ikipindapinda kuzunguka maua. Kupanda na kumwagilia akamwachia Nungunungu. Kila asubuhi Nungunungu alikuta maua yamekanyagwa katikati, mstari mmoja ulionyooka mpaka bwawani. Akapanda upya, yakakanyagwa tena.

"Hupandi sawasawa wewe!" Korongo akamkaripia. "Weka miiba."

Nungunungu akang'oa miiba yake mwenyewe, akaichomeka. Wanyama wakairuka, maua yakakanyagwa vilevile. Mara ya saba uvumilivu ukamwishia, akajibanza kichakani amwone huyo anayemtesa. Akapita Swala, kisha Ngiri na wanawe. Nyuma yao akaja Korongo, akinyanyua miguu yake mirefu juu ya miiba.

"Fundi! Mbona hupiti njia yako?" Nungunungu akafoka.

"Ile inazunguka mno," Korongo akajibu bila kusimama, "nami nina kiu."

 Siku hiyohiyo Nungunungu alitandaza mawe pale walipokuwa wakipita wote, na maua yaliyosalia akayahamishia kwenye njia ya Korongo. Huko hakuna aliyekanyaga, yakachanua.