Bahasha ya Mheshimiwa

Mbunge Kadege alimkuta shangazi yake, Bi Nasiche, akimwaga maziwa mtaroni. Kiwanda cha mji kilikuwa kimeacha kununua, maana maziwa ya unga ya nje sasa yaliingia bila ushuru.

"Shangazi, waliopatana na wageni ni wizara," alisema, akimpa bahasha ya mkataba uliofuta ushuru huo ajionee. "Sisi bungeni tuliletewa tu tuukague."

"Na mliukagua?"

"Tuliupitisha."

Bi Nasiche aliigeuza bahasha. Gundi yake ilikuwa haijabanduliwa.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," mbunge alijibu kwa sauti ndogo.

"Macho anayo, miwani anayo, barua kakaa nayo miezi mitatu, hajui imeandikwa nini."

Kadege aliinamisha uso. Jibu alilijua.

"Umeshindwa, baba? Haya, nipe mji," shangazi alisema, akakinga kiganja kama zamani.

Utotoni angetaja mji wowote huku akicheka. Leo kila mji uliomjia kichwani ulikuwa na ng'ombe wa mtu. Kiganja cha shangazi kilibaki wazi mbele yake, bado kimelowa maziwa.