Bhupali ya Saa Nne Asubuhi

"Kaka, fungua! Shika sitar yako upige, tafadhali, sasa hivi!"

Nirupam Chakladar alifungua mlango akamkuta Shemeji Malabika wa chumba cha chini, mikono imejaa unga, anahema. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bhupali, raga pekee aliyoijua Nirupam, ni tuni ya Kihindi ya kupigwa jioni, na mtu mwenye adabu haipigi jua likiwa juu.

"Shemeji, wakati wake bado."

"Wakati gani tena, kaka? Mwenye nyumba yuko uani na mnunuzi mwingine! Roho zetu ziko juu juu. Ni wewe tu wa kututuliza."

Maneno hayo yalimwingia. Nyumba ile kuukuu ya kaskazini mwa Kolkata ilikuwa inauzwa. Akipatikana wa kuinunua, wapangaji wote watatupiwa virago nje, naye Nirupam, mstaafu wa reli na mgane aliyezaliwa mle mle, hakuwa na pa kwenda. Na katika taabu hiyo majirani hawakuona faraja ila muziki wake! Akaketi dirishani, akapiga.

Raga yenyewe ina sauti tano tu: sa, re, ga, pa, dha. Ma, iliyo kati ya ga na pa, haimo. Lakini kila mara kidole cha Nirupam kilipotelemka kutoka pa kwenda ga, kilijikwaa kwenye ma, na waya ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ustadhi Monsur, mwalimu wake, alikuwa akiziba masikio waziwazi.

Majirani hawakuwa na roho mbaya kama hiyo. Nyumba haikuuzwa siku ile, na mchana walimpandishia samaki wa haradali na sifa tele.

"Usibadilishe hata chembe, kaka," alisema Haradhan, mumewe Malabika. "Ila ongeza sauti."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nirupam alisifiwa akaona haya. Watu wema namna hii, kuwalisha wali wenye mchanga! Msimu wa mvua ulipoingia, wanunuzi wakapotea, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemwomba apige tena. Basi kila jioni alibeba sitar yake kwa siri hadi kwa Ustadhi. Huko kidole gumba kililegezwa, kiwiko kikarekebishwa, akapanda na kushuka sauti zile tano mpaka ncha ya kidole ikafanya mfereji mweusi. Nyumbani hakugusa waya. Alitaka kuwashangaza.

Sikukuu za Durga zilipokwisha, mwenye nyumba alileta mzee mmoja mfanyabiashara wa juti, nyuzi za magunia. Malabika akapanda ngazi mbio.

"Kaka, leo ndiyo leo! Huyu ana pesa kweli!"

"Tulia, shemeji. Leo utasikia."

Akapiga. Akapanda taratibu hadi dha, akashuka, na kutoka pa akatua kwenye ga bila kugusa chochote njiani. Akarudia. Akaivuta ga polepole mpaka ikaimba. Uani pakawa kimya kabisa, na Nirupam machozi yakamlenga, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Alipomaliza, alitokea roshani kupokea pongezi. Chini, mzee wa juti alikuwa anafuta macho kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameung'ang'ania mkono wa mwenye nyumba.

"Wenzangu wote walinionya kwamba hapa hapakaliki kwa makelele," alikuwa akisema. "Waongo! Andika hati leo hii. Nahamia mimi na wanangu, vyumba vyote."

Majirani walikuwa wamesimama milangoni, vinywa wazi. Malabika akainua macho kuelekea roshani, mikono kichwani.

"Kaka Nirupam, siku zote tunakubembeleza upige vile vile vibaya! Leo nani kakutuma upatie?"